Kutunza Hema la Kambi Pwani: Mwongozo Kamili wa Kuosha, Kukausha na Kuhifadhi

Kila mwaka masika yanapopungua, watu huniletea mahema yenye maradhi yale yale: sakafu inayonata kama gundi, zipu iliyoganda nusu ya njia, madoa meusi ya koga kwenye pembe, na uvundo unaokupokea kabla hujafungua mfuko. Wenyewe huilaumu mvua. Nikiwauliza walilikunja vipi siku ya mwisho ya kambi, jibu huwa ni moja: walilikung'uta mchanga pale pale ufukweni, Shela au Manda hapa Lamu, wakalisokomeza mfukoni ili waiwahi mashua, na walipofika mjini wakaliweka juu ya kabati mpaka safari nyingine.

Wengi wao huwa wameshajaribu kulitibu kabla ya kulileta, kwa jiki, kwa maji ya moto au kwa sabuni ya unga, na mara nyingi tiba hiyo imeharibu kuliko maradhi. Kwa hiyo nimeziandika hapa hatua zote pamoja na sababu zake, kwani mtu asiyejua sababu ya hatua ndiye anayeiruka.

Mwongozo huu unahusu mahema ya nailoni na polista. Hema la turubai la pamba lina matunzo yake, na baadhi ya dawa nitakazotaja hazilifai.

Jambo la kufahamu kwanza: chumvi huvuta maji

Kitambaa kilicholoa maji ya mvua hukauka na kubaki kikavu. Kilicholoa maji ya bahari, au kilichopigwa tu na upepo wa pwani kwa siku tatu, hakina tabia hiyo. Chumvi ya kawaida hunyonya maji kutoka hewani mpaka ikayeyuka pindi unyevu wa hewa unapozidi takriban asilimia 75, na usiku wa Lamu hupita kiwango hicho mara kwa mara. Chumvi ya bahari ina pia magnesi kloraidi, ambayo hunyonya maji hata hewa ikiwa kavu zaidi ya hapo. Ndiyo maana hema uliloanika mchana kutwa na ukaridhika kwamba limekauka, usiku ukiligusa lina ubichi.

Ubichi huo huzaa madhara matatu. Kwanza, koga humea juu ya jasho, vumbi na makombo yaliyobaki kwenye kitambaa. Pili, chuma na alumini huliwa na kutu. Tatu, na hili ndilo lisilotibika, utando wa poliurethani uliopakwa kwenye vitambaa vya mahema mengi ili kuzuia maji huvunjika polepole unapokaa katika unyevu na joto kwa muda mrefu. Ukishavunjika hunata, hubanduka kama ngozi iliyoungua jua, na hutoa harufu inayofanana na matapishi. Hakuna sabuni inayourudisha.

Vifaa vinavyohitajika

- Maji matamu, ndoo nne za lita 20 kwa hema la watu wawili
- Beseni kubwa au karai pana
- Sponji laini, brashi laini na mswaki wa zamani
- Sabuni ya maji iliyo laini, isiyo na manukato wala dawa ya kung'arisha
- Siki nyeupe, nusu lita
- Kipande cha mshumaa mweupe
- Spiriti ya kusafishia vidonda, na vitambaa vya pamba
- Dawa ya kuziba mishono inayolingana na kitambaa cha hema lako
- Poda ya mtoto
- Uzi wa polista na sindano
- Kamba ya kuanikia, mahali penye kivuli na upepo
- Foronya kubwa au mfuko wa pamba

Maji yanahitaji maneno zaidi, kwa sababu visima vingi vya visiwani vina maji ya chumvichumvi, na hali huzidi mwishoni mwa kaskazi, kabla mvua hazijaanza. Yaonje kwanza. Kisha dondosha tone moja juu ya kioo na uliache likauke: likiacha duara jeupe, yana chumvi au chokaa, na kitu hicho hicho kitabaki ndani ya hema lako. Maji ya mvua, yawe ya tangi au ya jabia, ndiyo bora kuliko yote. Ikiwa unayo kidogo tu, yatumie ya kisima kwa suuza za mwanzo, ambazo kazi yake ni kuondoa chumvi nyingi ya bahari, na uyaweke ya mvua kwa suuza ya mwisho.

Hatua ya 1: Anzia kazi ufukweni

Utunzaji wa hema huanza pale unapolisimamisha. Chagua kivuli, kwa kuwa Lamu iko takriban digrii mbili tu kusini mwa ikweta na mionzi ya jua hudhoofisha nailoni haraka. Hema linaloachwa wazi juani mchana kutwa, siku baada ya siku, hufika mahali likachanika kwa kuvutwa tu. Usikimbilie kivuli cha mnazi wenye matunda, hata kikiwa ndicho pekee kilicho karibu. Nazi moja huvunja fito, na huweza kumuua aliyelala chini yake.

Chini ya sakafu tandika turubai lililo dogo kidogo kuliko sakafu yenyewe. Likitokeza nje hukusanya maji ya mvua na kuyaingiza chini ya hema. Mlango uupe upepo mgongo: wakati wa kusi uelekee kaskazini, na wakati wa kaskazi uelekee kusini, ili mchanga usisukumwe ndani ya meno ya zipu usiku kucha.

Siku ya kuondoka, pangusa hema kwa kitambaa kilicholoweshwa maji matamu, ondoa vigingi na uviweke kwenye mfuko wao peke yao, kisha lisokomeze hema bila kulikaza. Si kosa kulibeba likiwa na umande. Kosa ni kuliacha hivyo: ndani ya saa 24 liwe limefunguliwa na kuanikwa.

Hatua ya 2: Ondoa mchanga wakati hema ni kavu

Watu wengi huanza kwa maji, na hapo hukosea. Mchanga uliolowa hushikamana na kitambaa, na ukiusugua kwa sponji unakuwa msasa unaokwangua utando wa ndani.

Lianike hema likiwa limegeuzwa nje-ndani, na milango yote wazi, kisha lipige kwa kiganja kuanzia juu kwenda chini. Pembe za sakafu na mikunjo ya mshono zipitie kwa brashi laini. Meno ya zipu yapitie kwa mswaki mkavu, pande zote mbili, kwa kwenda upande mmoja tu bila kurudi.

Umefaulu pale unapopitisha kiganja kwenye pembe zote nne za sakafu bila kuhisi chembe.

Hatua ya 3: Osha chumvi

Hii ndiyo hatua inayoamua umri wa hema, na ndiyo inayorukwa kwa sababu chumvi haionekani kama tope linavyoonekana. Hema linaweza kuwa safi machoni na likawa limejaa chumvi.

Jaza beseni maji ya kawaida, yasiyo ya moto, na ulizamishe paa la nje peke yake. Liache dakika 15 ili chumvi iliyokauka kwenye mishono iyeyuke, kisha libonyeze chini na kuliinua mara kadhaa, kama mtu anayesuuza nguo ya hariri. Usilisokote wala usilikamue, kwa sababu kusokota huvunja utando kwenye mikunjo. Mwaga maji, weka mengine, rudia. Halafu fanya hivyo hivyo kwa chumba cha ndani na sakafu.

Zipu zifunguliwe na kufungwa ndani ya maji, mara kumi hivi kila moja, kwa kuwa chumvi hujificha ndani ya kichwa cha zipu mahali mswaki usipofika. Kamba nazo zioshwe; kamba yenye chumvi hurudisha chumvi hiyo kwenye paa kila umande unapoanguka.

Kipimo ni cha kale na hakidanganyi: gusa kwa ncha ya ulimi mshono wa pembe ya chini, pale maji yanapochuruzika. Ukihisi chumvi, suuza tena. Kwa kawaida mara mbili hutosha, lakini hema lililopigwa na mawimbi hutaka hata nne. Pima kabla ya kutia sabuni yoyote.

Hatua ya 4: Sabuni, kwa madoa tu

Hema lisilo na doa halihitaji sabuni. Penye tope, jasho au kinyesi cha ndege, tia kijiko kimoja cha sabuni laini katika nusu ndoo ya maji na upanguse kwa sponji, kisha suuza mpaka povu liishe kabisa.

Sabuni ya unga haifai, kwa sababu mabaki yake hukaa kwenye nyuzi na kuvuta maji, hivyo paa lililokuwa likiyaviringisha matone kama jani la yungiyungi huanza kuyanywa. Jiki haifai kabisa, kwa kuwa hushambulia nailoni yenyewe pamoja na uzi wa mishono. Mashine ya kufulia nayo isikaribie: mzunguko wake hurarua chandarua na kubandua utepe wa mishono.

Hatua ya 5: Koga

Tofautisha kwanza koga na doa. Koga hai ina manyoya au unga, na inanuka. Iliyokufa huacha kivuli cheusi kisicho na harufu, na kivuli hicho huenda kisitoke maisha. Anayeendelea kukisugua hutoboa kitambaa kwa ajili ya rangi tu, nami nimeona paa jipya lililopoteza utando wake kwa namna hiyo.

Kwa koga hai, lipeleke hema nje ya nyumba, ujifunge kitambaa puani, na uipanguse kwa brashi laini likiwa kavu. Kisha changanya siki nyeupe kipimo kimoja na maji vipimo viwili, uyajaribu kwanza kwenye pembe isiyoonekana, na yasipochujua rangi upanguse penye koga. Acha nusu saa, suuza vizuri, na uangalie tena baada ya kukauka. Harufu ikirudi, rudia mara moja.

Hapa kwetu kuna desturi ya kufukiza nguo kwa udi, na nimeona watu wema wakiliinamisha hema juu ya chetezo ili kuondoa uvundo. Tafadhalini msifanye hivyo. Moshi hufunika harufu kwa siku mbili huku koga ikiendelea kula, na kaa moja likirukia nailoni huiyeyusha papo hapo. Moto ukishashika kitambaa hicho, huzimwa kwa shida.

Hatua ya 6: Kausha kivulini, mpaka ndani ya mishono

Anika mahali penye kivuli na upepo: chini ya makuti ya dari, barazani, au katika kiwanda, ule ua wa ndani wa nyumba zetu za mawe, ambamo hewa hupanda bila jua kali kushuka. Jua la kabla ya saa tatu asubuhi halidhuru. La kuanzia saa nne hadi saa kumi liepuke.

Tawanya uzito wa hema juu ya kamba mbili au tatu, kwa sababu kitambaa kilicholoa kikining'inia kwenye kamba moja huvutika na kupoteza umbo. Kila baada ya saa moja ligeuze. Sehemu zinazochelewa ni tatu: mishono ya sakafu, mikono ya kupitishia fito, na utepe wa zipu. Zibonyeze kwa karatasi ya chooni. Karatasi ikitoka na unyevu, bado.

Hema likikauka mchana liache limeanikwa mpaka kesho yake asubuhi, ndani ya nyumba, kisha uliguse tena. Likiwa kavu baada ya usiku wa Lamu, chumvi imetoka. Likiwa na ubichi, rudi Hatua ya 3 bila kusononeka, kwani ni afadhali kulirudia leo kuliko kulitupa mwakani.

Hatua ya 7: Zipu

Zipu iliyooshwa na kukauka hupakwa nta. Sugua mshumaa mweupe juu ya meno, fungua na kufunga mara tano, kisha futa mabaki.

Usipake mafuta ya nazi, ingawa ndiyo yaliyo karibu katika kila jiko la pwani. Zipu hulainika siku hiyo, lakini mafuta hunasa mchanga, na mchanga na mafuta vikichanganyika husaga kichwa cha zipu kila unapokivuta.

Zipu inayofunguka nyuma ya kichwa chake kwa kawaida haijafa. Meno ni mazima, ila kichwa kimepanuka. Kibane kidogo sana kwa koleo, upande wa kulia kisha wa kushoto, ukijaribu baada ya kila mbano. Ukikaza mno kitapasuka, na hapo utahitaji fundi wa cherehani akuwekee kingine.

Hatua ya 8: Fito na vigingi

Fito za alumini hufanya unga mweupe kwenye maungio, na unga huo huyagandisha mpaka hayaachani. Suuza kila ungio, pangusa, acha zikauke zikiwa zimeachanishwa. Unapozikunja anza katikati kuelekea miisho, ili lastiki ya ndani isivutike upande mmoja. Fito za faibaglasi zishike kwa glavu zikishaanza kuchakaa, kwa maana vibanzi vyake huingia ngozini na ni vigumu kuviona. Vigingi vya chuma vikaushe na uviweke mbali na kitambaa, kwa sababu doa la kutu kitambaani ni gumu kulitoa.

Hatua ya 9: Mishono na utando

Sasa hema ni safi, na kasoro zinaonekana. Lisimamishe, umwage kikombe cha maji juu ya kila mshono wa paa, na mtu mwingine akiwa ndani atie alama kwa chaki panapopenya.

Kabla ya kununua dawa, fahamu kitambaa chako. Paa lililopakwa poliurethani kwa kawaida lina utepe mwembamba uliobandikwa juu ya mishono kwa ndani. Paa lililopakwa silikoni pande zote mbili huteleza sana mkononi na halina utepe, kwa sababu hakuna utepe unaolishika. Poliurethani huzibwa kwa dawa ya poliurethani, na silikoni kwa silikoni. Anayekosea hapa huona dawa yote ikibanduka kama gamba la samaki baada ya wiki.

Utepe ulioanza kubanduka uondoe wote katika sehemu hiyo, safisha gundi kwa spiriti, acha pakauke, kisha paka dawa nyembamba juu ya mshono na sentimita moja kila upande. Acha saa 24. Mwisho nyunyiza poda ya mtoto ili mshono usigande na mwenzake hema linapokunjwa.

Mpasuko ushonwe kwa uzi wa polista. Uzi wa pamba huoza kabla ya kitambaa, na huvimba na kusinyaa kila unapolowa na kukauka. Ukikosa uzi mzuri madukani, waulize washona matanga wa mashua, kwa kuwa mishono yao hukutana na chumvi kila siku.

Ama sakafu inayonata, nisiwape matumaini yasiyokuwepo. Ikiwa ni eneo la ukubwa wa sahani, futa utando uliooza kwa spiriti na kitambaa cha pamba, suuza, kausha, na upake utando mpya wa poliurethani. Ikiwa ni sakafu nzima, kazi hiyo huchukua siku nyingi na dawa nyingi, na kwa maoni yangu ni bora kutandika turubai zito ndani na kulitumia hema hilo kiangazi tu.

Hatua ya 10: Hifadhi bila kukaza

Mfuko mdogo uliokuja na hema ni wa safarini. Nyumbani, litie ndani ya foronya kubwa au mfuko wa pamba, likiwa limesokomezwa tu bila kufuata mikunjo ile ile, kwa sababu utando hupasuka pale unapokunjwa mara kwa mara. Mfuko wa plastiki hufungia ndani unyevu wowote uliobaki, kwa hiyo usitumike.

Liweke kwenye rafu iliyo mbali na ukuta. Kuta zetu za matumbawe na chokaa hupitisha unyevu wakati wa masika, na nimeshaona hema lililooshwa vizuri likishika koga upande mmoja tu, ule uliogusa ukuta. Hakikisha hakuna makombo ya mkate wala tende mifukoni mwake, maana panya hatafuti mlango, hutoboa. Fito ziweke kando, zikiwa zimenyooka ikiwa nafasi ipo.

Kila baada ya miezi miwili, katika siku yenye jua na upepo, litoe, lifungue kivulini kwa saa mbili, na ulinuse karibu na mishono ya sakafu. Wakati wa masika fanya hivyo kila mwezi. Hema lililotunzwa hunuka kitambaa tu, paa lake halishikamani linapofunuliwa, na zipu yake hufunguka kwa mkono mmoja.